Kijani kwa nje, nyeupe ndani

SWALI: Nimenunua mbao za paini 2 kwa 4 za kenchi, nikaambiwa zimetiwa dawa. Kwa nje ni za kijani, lakini fundi alipokata moja, ndani nyeupe pe. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. Nimepigwa? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Inategemea weupe umekaa wapi. Kwanza, usipime kwenye ncha. Mirija ya mti imelala kwa urefu, kwa hiyo ncha hunywa dawa hata mbao ikichovywa tu kwenye pipa. Kata sentimita 50 kutoka mwisho, kisha tazama mkato.

Ukikuta kijani ni ukoko wa milimita moja au mbili kuzunguka pande zote, hiyo imepakwa au kuchovywa, rudisha. Paini yetu ya Sao Hill, Mufindi, kwa sehemu kubwa ni Pinus patula, mti wa milima ya Mexico, na sehemu yake ya nje hunywa dawa vizuri sana. Mtamboni hewa hunyonywa kwanza, ndipo dawa ya shaba, kromiamu na aseniki husukumwa kwa presha. Kiini ndicho kinachogoma. Basi fuata duara za ukuaji: weupe ukiwa pale zilipo ndogo kabisa, karibu na kiini, muuzaji hakukudanganya. Ukiwa umefika kwenye duara za nje, mbao iliingizwa mtamboni ikiwa mbichi. Maji yalishajaa kwenye mirija, dawa ikakosa pa kupita.

Hata mbao nzuri, kila mkato wa fundi unafungua sehemu isiyo na dawa. Paka dawa ya brashi mara 2, hasa ncha zinazolala juu ya ukuta, maana mchwa hupandia hapo. Misumari iwe ya kupakwa zinki. Shaba iliyo kwenye dawa hula chuma kitupu, na unyevu wa pwani unaisaidia.

SWALI: Paini niliyonunua kwa ajili ya kabati ina michirizi ya bluu na nyeusi. Imeoza? (Msomaji, Keko)

JIBU: Haijaoza. Ni ukungu unaokula sukari na wanga uliomo kwenye mti, hauli mti wenyewe, na nguvu ya mbao haipungui kwa kiasi cha kukutisha. Usihangaike na randa, rangi imezama. La kukushughulisha ni kwamba mbao zilirundikwa mbichi bila hewa, na huenda bado ni mbichi.

Zipange kivulini, sentimita 30 juu ya ardhi, kwa vijiti vya inchi 1 kila baada ya sentimita 50. Vijiti vya tabaka zote vikae mstari mmoja wima; vikipishana, mbao hupinda kama upinde. Chagua mbao moja fupi uipime kwa mizani kila wiki. Uzito usiposhuka wiki mbili mfululizo, anza kazi. Kabati likienda ofisi yenye kiyoyozi, mbao itasinyaa zaidi, kwa hiyo paneli za milango usizigundishe kwenye fremu. Ziache zicheze ndani ya mfereji.

SWALI: Vipisi vya mbao za kijani naweza kupikia? (Msomaji, Tandika)

JIBU: Hapana, hata kuwashia mkaa. Aseniki iliyo kwenye dawa ni sumu; hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu, kwa hiyo usiyamwage kwenye mchicha. Unga wake wa msumeno nao usiwatandikie kuku.