Programu umeifuta mara saba, Ijumaa umerudi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Kaka, programu ya kubeti nimeifuta mara saba. Kila Ijumaa naipakua upya. Hii ni tamaa tu au ni ugonjwa?"

Mdogo wangu, swali hilo wanaulizana hata wataalamu. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari kwenye fungu la matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo hadi mwaka 2013, ndipo wakaihamishia kwenye uraibu, jirani na pombe na heroini. Kwa hiyo anayekwambia "jikaze, acha tamaa" yuko nyuma ya wakati. Mimi nakuuliza jingine: unapoweka dau, ni pupa au umeshurutika? Dawa zake hazifanani.

Pupa ni mkono kuitangulia akili. Goli limeingia dakika ya 70, dau limeshakwenda kabla hujaikumbuka kodi ya nyumba. Mwenye pupa mwahidi elfu kumi leo au elfu ishirini mwezi ujao, atachukua kumi. Aliyeshurutika hata raha haioni tena. Saa tisa usiku yuko kwenye mechi za kompyuta, za timu zisizokuwepo duniani, na akishinda hatoi hela, anazirudisha humohumo. Huyo anacheza ili atulie. Wengi huanzia kwenye pupa wakaishia huku: Barry Everitt na Trevor Robbins wa Cambridge wameeleza jinsi tendo linalorudiwa linavyohama ndani ya ubongo, kutoka sehemu inayopima raha kwenda sehemu inayoendesha mazoea.

Na mkeka wenyewe, yaani dau moja la mechi nyingi ambazo lazima zote zitimie, umesukwa ukuvute. Chukua mechi 8, kila moja uwe na nafasi ya 65 kwa 100. Mkeka mzima utatiki kama mara 3 katika 100. Lakini kuchanwa na timu moja tu kutatokea karibu mara 14. Yaani ile "nilibakiza kidogo" itakujia zaidi ya mara nne kwa kila ushindi mmoja, na ubongo unaisoma kama dalili kwamba unakaribia. Hukaribii kitu. Ni hesabu tu.

Sasa, kwa pupa, kiapo hakisaidii, kwa sababu unakiapa umetulia na unakivunja umewaka. Kinachosaidia ni umbali. Kufuta programu hakuweki umbali wowote: akaunti ipo, salio lipo, kuipakua tena ni dakika mbili. Iandikie kampuni ifunge akaunti moja kwa moja, usiombe mapumziko ya saa 24. Zima huduma ya kukopa kwenye laini, maana deni la saa sita usiku halina mshauri. Siku ya mshahara, kabla jua halijazama, lipa kodi, ada na chakula. Kinachobaki kipeleke kwenye akaunti ambayo kutoa hela kunahitaji sahihi ya mtu wa pili. Kwenye simu ibaki ya siku moja. Hamu ikipanda, tazama saa: kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi, mradi simu isiwe mkononi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaisubiri hamu ipite huku wakiperuzi odi, yaani viwango vya malipo ya kila dau.

Aliyeshurutika kazi yake ni ndefu zaidi. Siku 14 andika kila mara unapocheza: saa, mahali, uko na nani, ulijisikiaje dakika kumi kabla. Usijizuie kuandika kwa aibu. Mambo mawili au matatu yatajirudia, mfano kulala na simu kitandani, au kupita kibanda kilekile ukitoka kazini. Kata mwanzoni mwa mnyororo: simu ilale sebuleni, njia ibadilike. Ukisubiri hadi ukurasa wa odi ufunguke, umechelewa.

Sigara inalionyesha hili vizuri. Anayevuta ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu aamke hafuati raha, anazima arosto ya usiku, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini. Huyo akitaka kuacha, bazoka (chingamu) ya nikotini ya miligramu 2 haitamtosha, aanze na ya 4. Na asiitafune kama bazoka za watoto! Tafuna taratibu hadi ukali usikike, iegeshe kati ya ufizi na shavu, ukali ukiisha tafuna tena, kama nusu saa. Ukiitafuna haraka nikotini unaimeza, unapata kwikwi na kiungulia, kisha unasema dawa haifanyi kazi. Chai, kahawa na soda ziache robo saa kabla.

Pombe ni habari nyingine. Anayekunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani: degedege linaweza kuja kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Hospitali kwanza. Wa heroini wana methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini; Hospitali ya Muhimbili inatolewa tangu 2011. Na aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia ajue mwili umeshasahau, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua.

Jambo moja ambalo familia hazilijui: mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, akianza kamari ghafla, zitazameni dawa zake kabla ya kumsema. Baadhi, kama pramipeksoli, huleta hali hiyo. Aende kwa daktari, asizikatishe mwenyewe.

Wewe wa mara saba, ninavyoona una vyote viwili: pupa ya Ijumaa juu ya mazoea ya miaka. Anza na fedha wiki hii, daftari lianze Jumatatu. Ukiteleza, usifungue daftari jipya. Andika palepale saa, kiasi, na simu ilikuwa wapi.