Kifaa cha setilaiti kwa mvuvi wa Ukara
Kaka, umeuliza kama unaweza kumwagizia mzee wako anayevua dagaa Ukara, kisiwani Ziwa Victoria, kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti. Kile ni redio, kinarusha mawimbi ya megahezi 406, kwa hiyo waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwanza kama aina hiyo imeidhinishwa, kisije kikakwama forodhani. Ila kazi kubwa naona ni usajili. Kila kifaa kina namba yake yenye msimbo wa nchi. Waokoaji huitumia kupata jina la mzee, mtumbwi wake na simu ya nyumbani. Kikiwa na msimbo wa Uingereza, kwa mfano, watakaoulizwa kwanza habari za mwenye kifaa ni Waingereza, na mzee yuko majini usiku! Hakikisha kimewekewa msimbo wa Tanzania. Wakati unafuatilia, jaketi okozi avae.