Wati 600 za Kwenye Boksi, Wati 216 za Kwenye Lebo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kuunganisha kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea gemu. Nimekwisha kununua prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060. Muuzaji ananipa kesi ambayo tayari ina pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 600, na anasema umeme utabaki. Aliiwasha mbele yangu na feni ikazunguka vizuri. Nimeambatanisha picha ya lebo yake. Je, niichukue? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kesi ichukue ukiipenda, lakini pawa saplai hiyo usiifunge kwenye kadi uliyonayo. Umefanya vizuri sana kupiga picha ya lebo, kwa sababu jibu limo humo. Chini ya maandishi makubwa ya wati 600 pana jedwali dogo, na katika safu ya +12V pameandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, utapata wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme wa kompyuta ya gemu, hulishwa na njia hiyo ya volti 12. Wati nyingine zinazotajwa kwenye lebo, hata zikiwa za kweli, ziko kwenye njia za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za sasa hazizihitaji sana.

Sasa tupige hesabu ya mashine yako. RTX 3060 hutumia wati 170. Prosesa imeandikwa 65, lakini ikifanya kazi kwa nguvu hupita hapo, kwa hiyo itengee 90. Madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), RAM, diski na feni viwekee 50. Jumla ni wati 310, na bado kadi za grafiki hurusha matumizi yake juu ya kiwango kwa muda mfupi sana, ambao pawa saplai dhaifu huushindwa, kompyuta ikazimika katikati ya mchezo. NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa chipu ya kadi hii, wanapendekeza wati 550. Tafuta ya wati 550 ambayo safu yake ya +12V inafika ampea 45 hivi, yaani wati 540. Ya wati 850 huihitaji. Tofauti ya bei iongezee kwenye RAM.

Kuhusu feni kuzunguka, muuzaji huunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, pawa saplai ikawaka. Hapo amethibitisha kwamba inawaka, basi. Hakuna mzigo wowote iliobeba. Mimi niliwahi kuridhika na jaribio hilohilo. Jioni moja umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, nikasikia harufu ya kuungua, na kilichokufa hakikuwa pawa saplai peke yake, bali madabodi na diski iliyokuwa na kazi zangu za miaka miwili. Pawa saplai nzuri ina kinga zinazoizima yenyewe volti zikipanda au waya zikigusana, na ile yangu haikuwa nazo.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inapima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Haipimi kinga. Yenye daraja la Bronze la alama hiyo, ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka mitano, inakutosha kabisa.

Ukinunua yenye kebo za kuchomoa, tumia kebo zake tu. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kebo ya kuazima inaweza kuingia vizuri kisha ikapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Plagi ya pini 8 ya prosesa nayo usiichanganye na ile ya kadi. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Jambo la mwisho, na naomba ulitilie maanani: kagua hali ya ethi nyumbani kwako, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukigusa chuma cha kesi ukiwa peku sakafuni na vidole vikawashwawashwa, ujue kesi haijaunganishwa na ethi. Mwite fundi umeme kabla ya kuendelea, na usikubali kukatiwa pini ya tatu ili plagi iingie kwenye ekstensheni.

SWALI: Shemeji ameniletea kutoka Marekani pawa saplai iliyotumika, yenye kiswichi chekundu kinachosomeka 115. Naweza kuichomeka? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usiichomeke kabla hujakisukuma kiswichi hicho hadi kisomeke 230. Kikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huuzidisha maradufu umeme unaoingia, na kwa volti 240 za Kenya kapasita (vifaa vidogo vya ndani vinavyohifadhi umeme) zitapasuka kwa kishindo mara tu utakapowasha soketi. Pawa saplai nyingi za sasa zimeandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe, hivyo kiswichi hicho ni dalili ya muundo wa zamani. Ifunge kwenye kompyuta ya kuandikia barua. Kadi mpya ya grafiki usiikabidhi.