Bibi Anajibu: Muhogo wa ukame, ng'onda na presha, chai ya mtoto

Barua nyingi safari hii zimeshuka kutoka Newala na Tandahimba, na karibu zote zinauliza habari za muhogo. Nimechagua moja, nikaijibu kwa kirefu. Zilizobaki ni za huku chini pwani.

Shikamoo bibi. Mvua zimetukimbia na muhogo tunaong'oa ni mchungu kuliko kawaida. Mama mkwe anataka tuuloweke kabla ya kuanika makopa, lakini maji tunanunua kwa ndoo. Mimi naumenya, naupasua, naanika juani, basi. Nakosea? (Mama wa wawili, Newala)

Marahaba mwanangu. Mama mkwe ana haki, ila na wewe nakuelewa. Asiyewahi kupanga foleni ya maji kule juu asikwambie "loweka tu".

Muhogo una sumu yake ya asili, sayanidi, na jua linapoukaba mmea shambani sumu hiyo huzidi. Ndiyo maana mwaka wa ukame hata ule mliouzoea unauma ulimi. Kuanika peke yake hakutoshi: kopa linakauka upesi, sumu inabaki humo humo. Kuloweka siku tatu au nne, mpaka ulainike na kutoa ile harufu ya kuchacha, ndiko kunakoitoa.

Haya hayako mbali nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, wakati wa ukame, watu wakila muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Ukisikia jirani anasema ni kurogwa, mwombe kwanza akuonyeshe gunia lake la makopa.

Sasa tuje kwa asiye na maji ya kuloweka muhogo. Loweka unga. Saga au twanga makopa yako kama kawaida, mimina unga kwenye bakuli, usawazishe, kisha weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Utaona unga unashuka kwanza, halafu unaanza kupanda. Ukirudi kwenye alama, maji yametosha, usiongeze. Tandaza unga huo kwenye sinia au mkeka safi, wembamba, usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini kama kuna mawingu. Katika muda huo sumu inatoka kama hewa na kupotea. Usifunike, na wala usirundike katikati ya sinia ili umalize haraka, maana chini ya rundo haitoki kitu. Ugali usongwe siku hiyo hiyo, kwani unga wenye maji ukilala unaharibika.

Na huo ugali msiule na chumvi tupu. Mbaazi, kunde, dagaa, chochote chenye protini kinausaidia mwili kuigeuza sumu iliyobaki na kuitoa kwenye mkojo. Waliopata konzo walikuwa wamekula muhogo mtupu wiki kwa wiki, mboga ya maana haipo. Mbaazi unazo hapo nje, usiuze zote.

Kisamvu nacho kina sumu ile ile, kwa hiyo kitwangwe mpaka kilainike kabisa ndipo kiingie chunguni, na kichemke vya kutosha. Magadi punguza. Najua yanaivisha upesi na kuni ni ghali, lakini yanaua vitamini na yanaongeza chumvi ndani ya mboga.

Bibi, nauza ng'onda, samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa, sokoni hapa Mtwara mjini, nina miaka 52 na nina presha. Kuna jamaa stendi anauza unga wa mlonge, anasema unatibu magonjwa mia tatu, niache vidonge. Nimeanza kuunywa pamoja na kitunguu saumu kibichi.

Mwenye dawa ya magonjwa mia tatu mnunulie soda, akae kivulini apumzike. Vidonge usiache hata siku moja bila kauli ya daktari. Presha haina maumivu ya kukushtua. Inapanda kimya kimya, unakuja kuamka mdomo umekwenda upande.

Mlonge ni mboga nzuri sana, siupingi. Chuma majani mabichi, yapike na karanga, ule na watu wa nyumbani. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Hizo punje mbichi za kumeza kila siku ndizo umwambie daktari wako, hasa kama amekupa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu nazo huifanya damu ichelewe kuganda.

Lakini kaka yangu, mbona umeniandikia ya mlonge, ya ng'onda umeipita? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye samaki. Kipande kimoja cha ng'onda iliyokolea kinaweza kukumalizia hesabu kabla ya jua la utosi. Ikibidi uile, iloweke usiku kucha, mwaga maji, ichemshe, mwaga tena, ndipo uiunge, na chumvi nyingine usitie. Siku nyingi zaidi kula samaki mbichi. Upo nao sokoni hapo, sina haja ya kukuelekeza.

Mwanangu ana miaka minne, kliniki wamesema damu imepungua. Nampa juisi ya rozela kila siku na chai ya rangi baada ya chakula, lakini haongezeki. (Mama J., Lindi)

Chai hiyo ndiyo iondoke mezani. Majani ya chai huyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, hivyo mboga yako nzuri inapita tu. Rozela haina ubaya kama hujaijaza sukari, ila wekundu wake ni rangi ya ua, usidhani ni damu.

Mpe maini akipata, dagaa waliopondwa, kunde, matembele, mchicha. Kwenye mlo huo huo awe na kitu chenye vitamini C: limau likamuliwe juu ya mboga ikishaepuliwa, au kipande cha embe, au bibo msimu wake ukifika. Mabibo tunayaacha yaoze chini ya mikorosho wakati vitamini C yake inalizidi chungwa mara kadhaa! Kisha uliza kliniki kama amepimwa malaria na safura. Minyoo ya safura inafyonza damu, na hapo hata maini ya kila siku hayatafika mbali. Kama walimpa dawa ya kuongeza damu, aimalize.

Mafuta ya maganda ya korosho yanatibu mapunye?

Yanachubua na kuunguza ngozi. Waulize wabanguaji wakuonyeshe vidole vyao. Kichwani kwa mtoto usiyapake kabisa. Mapunye yana dawa yake hospitali, tena ya kumeza, kwa sababu fangasi huingia mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Bibi, nina kisukari. Ming'oko, hii mizizi ya kuchemsha, kwa kuwa inachimbwa porini, naweza kula nitakavyo? (Mzee wa Mikindani)

Shikamoo mzee wangu. Porini au shambani, ming'oko ni wanga. Ukiila asubuhi, ihesabu kama mkate au muhogo ambao ungeula: vipande vichache, na kando yake samaki au kunde, chai bila sukari. Ukishakula ming'oko, chapati iache. Na pima sukari saa mbili baadaye, uone mwili wako mwenyewe unasemaje.