Kutoa seli shina (seli zinazoweza kuwa seli za aina yoyote ya mwili) kwenye kiinitete: kwa wanaoanza kazi maabarani

Kabla hujagusa pipeti, soma fomu ya ridhaa. Viinitete vingi vya utafiti hutoka kliniki za uzazi: vilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta mtoto, vikabaki. Wenyewe waamue kwanza kwamba hawavihitaji tena, ndipo waombwe kuvitoa, na mwombaji asiwe daktari anayewatibu. Fomu itamke wazi kwamba kiinitete kitaharibiwa, na kwamba seli zake zinaweza kuishi miaka mingi na kupelekwa maabara nyingine. Kuandika "utafiti wa kitabibu" peke yake hakutoshi. Kashfa ya Hwang Woo-suk wa Korea Kusini, aliyedai kupata seli shina kutoka viinitete vilivyoklonishwa na ambaye makala zake zilifutwa mwaka 2006, hukumbukwa kwa data za kughushi, lakini tatizo la kwanza kuulizwa lilikuwa mayai ya wanawake aliyotumia: baadhi yalitoka kwa watafiti wa chini yake.

Kazi hufanyika siku ya 5 au ya 6, kiinitete kikiwa blastosisti: ukuta wa seli za nje, ambazo zingejenga kondo la nyuma, na ndani yake kifundo kidogo cha seli. Unachokitaka ni hicho kifundo. Kwa hiyo ukomo wa siku 14 wa sheria ya Uingereza ya 1990, unaokataza kukuza kiinitete maabarani kupita siku hizo na ambao wageni hupenda kuutaja, haujafikiwa hapa. Swali gumu ni kwamba ukitoa kifundo, kiinitete kimekufa. Anayeamini kuwa mtu huanza pale yai linaporutubishwa hatulizwi kwa kuambiwa "kingetupwa tu", na hana sababu ya kutulizwa hivyo.

James Thomson wa Wisconsin, Marekani, aliyekuwa wa kwanza kupata seli hizi za binadamu, mwaka 1998, alitumia kingamwili, na njia hiyo bado inafaa kujifunza. Ondoa ganda kwa kimeng'enya cha pronase. Ganda likishakuwa jembamba, toa kiinitete kwenye kimeng'enya mara moja. Weka blastosisti kwenye kingamwili dhidi ya seli za binadamu, kwa kawaida nusu saa. Osha mara tatu, kisha ihamishie kwenye serumu ya simbilisi yenye komplementi, yaani protini za damu zinazotoboa seli zilizoshikwa na kingamwili. Kaa kwenye darubini: seli za nje zitavimba na kupasuka. Za ndani hunusurika kwa sababu ukuta umeshikana, kingamwili haipenyi. Ukuta ukichubuka mapema, umeua zote. Hapo ndipo wengi hupotezea kiinitete.

Nyonya mabaki kwa pipeti nyembamba, uweke kifundo juu ya seli-walezi, yaani seli nyingine za kukitunza, zilizozuiwa kugawanyika. Siku mbili za mwanzo usitikise kisahani, hata kwa udadisi. Thomson aligawa machipuko baada ya siku 9 hadi 15. Kutoka vifundo 14 alipata laini 5 za seli, yaani koo za seli zinazoendelea kugawanyika maabarani. Gawa kwa vipande, kwani seli moja moja hufa kwa wingi. Ukilazimika kuzitenganisha, ongeza Y-27632, kemikali inayozisaidia kunusurika, mikromola 10, kwa siku ya kwanza.

Laini ikishika, hifadhi mapema kwenye naitrojeni ya kimiminika, pima maikoplazma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli), na kagua kromosomu mara kwa mara. Ziada kwenye kromosomu 12, 17 na kipande cha 20q11.21 cha kromosomu 20 huzipa seli kasi, nawe utafurahi kwamba "zimezoea". Kipande hicho cha 20 mara nyingi ni kidogo mno kuonekana kwa upakaji rangi wa kawaida. Omba kipimo cha PCR (kuzidisha DNA) au FISH (vialama vinavyong'aa).