Kutoka Vanuatu hadi Opua: nirudi kwa tanga au kwa ndege?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, naishi Auckland. Sasa nipo Vanuatu kwa kazi ya kujitolea. Chombo cha tanga kinatuzungusha visiwani, tunapima macho na kuchoma chanjo. Kazi inaisha mwishoni mwa Oktoba, na mabaharia wanaokirudisha chombo New Zealand wamenikaribisha niende nao. Mume wangu anataka nipande ndege. Unanishauri nini?
Msomaji, Port Vila

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi.

Sisi watu wa pwani tumezoea upepo unaogeuka. Kaskazi iliyaleta majahazi kutoka Uarabuni, kusi ikayarudisha. Aliyekosa msimu alingoja. Huko uliko usiutegemee mgeuko huo. Upepo wa kusini-mashariki ndio unaotawala, na bandari ya Opua huko New Zealand, wanakoingilia wengi, iko kusini ikiegemea mashariki. Kwa hiyo kurudi ni kwenda joshi, yaani karibu kuukabili upepo, chombo kimelala ubavu, kama maili 1,100 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5 au 6, yaani maili hizo 5 au 6 kwa saa, hesabu siku 8 hadi 10, mambo yakienda vizuri.

Njia hiyo nimeipita na kikosi cha kujitolea kama chenu. Siku mbili za mwanzo karibu kila mtu alitapika. Daktari wa meno niliyekuwa naye zamu alishika usukani kwa mkono mmoja, ndoo kwa mkono wa pili, na zamu yake hakuiacha. Upepo ulipozunguka ukaja kaskazini-mashariki, chombo kikainuka, watu wakaanza kudai chakula.

Sasa ushauri wangu. Muulize nahodha: tunaondoka lini? Akikutajia tarehe, nenda kakate tiketi ya ndege. Akikwambia anasubiri hali ya hewa, huyo mwamini. Kanieneo kubwa la hewa, yaani eneo la hewa nzito, hutoka upande wa Australia kwenda mashariki, na nyuma yake hufuata hewa mbaya yenye upepo mkali wa kusini-magharibi. Ufundi wote ni kuondoka kwa wakati utakaokupa upepo mzuri unapokaribia New Zealand. Kukaa sana nako kuna hatari yake, maana msimu wa vimbunga huanza Novemba.

Swali hilohilo jiulize na wewe. Kama hospitali yako inakutaka kazini siku fulani, usipande. Baharia mmoja mwenye haraka humsukuma nahodha kung'oa nanga kabla ya wakati, na hilo linaniogopesha kuliko wimbi lolote.

Dawa ya kukinga malaria usiiache siku mnayoondoka, na wasimamie vijana wa chombo nao wameze. Kama ni doksisaiklini, ni wiki 4 zaidi baada ya kutoka visiwani. Wewe muuguzi unalijua, wao husahau, na mtu akishikwa na homa katikati ya bahari hospitali ni wewe.

Chukua sweta na kofia ya sufu. Usiku wa karibu na Opua una baridi ambayo Vanuatu hukuiona. Usiku usitoke nje bila mkanda wa usalama, na ndoano yake uifunge ungali mlangoni. Wenyeji watawajazia mabalungi na viazi vikuu: kuleni njiani, kwa sababu maafisa wa New Zealand huchukua matunda, asali, mayai na nyama. Mikeka na vikapu vitajeni kwenye fomu.

Mume wako mwachie jina la chombo, na namba ya mtu wa nchi kavu atakayepokea habari zenu kila siku. Mweleze kabisa kwamba simu ya setilaiti huweza kukatika siku nzima huku nyinyi mmekaa mnakunywa chai. Na siku ya kufika usimtajie. Mpigie mkishafunga kamba Opua.