Barua kwa mwanangu: Lombardo wa Sicilia alitoka wapi

Mwanangu mpenzi,

Ile vois yako ya juzi nimeiskiza mara tatu, ya kwanza nikiwa njiani natoka sokoni kelele za tuktuk sikuambulia kitu, ya pili na mamako, ya tatu peke yangu hapa barazani baada ya isha. Kwa hivo swali nimelielewa. Unasema kazini kwenu hapo Catania, Sicilia, kuna mwenzenu wa Milano, alipoambiwa jina la mchumba wako ni Lombardo, yaani mtu wa Lombardia, ule mkoa wa kaskazini wenye Milano, akasema huyo ulombardo hana, ni Msicilia mwenye jina la kuazima, na wewe ukanyamaza manake hukuwa na la kujibu. Sasa wauliza, baba, jina hili limefikaje huko kusini, na watoto wangu wataitwa kwa mahali wasipotoka?

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili nalijua na limenikaa moyoni miaka mingi. Wewe umekua ukiniona risepsheni, lakini sidhani niliwahi kukwambia nilikuwa nasoma nini pale. Miaka 26 kila mgeni akifika nachukua paspoti naandika kwenye rejista, jina, tarehe ya kuzaliwa, mji aliozaliwa, na paspoti ya Italia mji inautaja. Hapa Malindi Wataliano hawakosi tangu enzi za ule mradi wa San Marco kule Ngomeni, walipokuwa wakirusha satelaiti baharini mwaka 1967. Basi mimi nikaanza kulinganisha jina na mji. Nikidhani kila Lombardo nitakayemwandika atakuwa wa Milano ama Bergamo, si Lombardia ndo mkoa wao? Wapi! Palermo. Messina. Trapani. Palermo tena. Halafu anakuja mwingine wa Napoli. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja wa Palermo, mwalimu mstaafu wa historia, akavuta kiti karibu na kaunta akanieleza mpaka wenzake wakaenda ufukweni wakarudi. Baada ya hapo nikawa nasoma mwenyewe kila nikipata kitabu.

Anza na nyumbani. Nyanyako, mamangu, mtaani walikuwa wakimwita Bi Mbarawa, si ndio? Sasa niambie, kule Barawa kwenyewe, pwani ya Somalia, nani angeitwa Mbarawa? Ukisimama katikati ya mji ule ukaita we Mbarawa, watageuka wote. Jina lile babake alipewa na watu wa Malindi, kwa sababu wao ndo waliokuwa na haja ya kumtofautisha na Bakari wengine. Jina la mahali hupewa mtu akishaondoka pale mahali, na anayempa ni mwenyeji wa alikofikia. Ukishika hilo tu, swali lako nusu limejibika, kwa sababu Lombardo ni jina ambalo Wasicilia walimpa mtu aliyewajia, na likabaki pale alipobaki yeye na wajukuu zake.

Sasa alikuja lini na kwa nini. Sicilia ilikuwa chini ya Waislamu tangu karne ya 9, Palermo mji mkubwa wa misikiti na bustani, kisha kuanzia 1061 wakaingia Wanormani, wapiganaji wenye asili ya Ufaransa, kutoka kusini mwa bara la Italia wakakimaliza kisiwa 1091. Kiongozi wao Ruggero alikuwa na nchi kubwa na watu wake wachache. Mwaka 1089 akaoa binti wa ukoo wa watawala wa kaskazini magharibi, Adelasia, kwao ni Savona na Monferrato. Na bibi harusi hakuja peke yake. Nyuma yake walifuata ndugu, askari, wakulima, mafundi, wakiahidiwa ardhi, na wakazidi kuja miaka na miaka, wakawekwa katikati na mashariki ya kisiwa: Piazza Armerina, Aidone, Nicosia, Sperlinga, San Fratello, Novara di Sicilia. Ruggero alipofariki 1101 ni huyo huyo Adelasia aliyeshika utawala mpaka mtoto wake akue, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuvikwa taji la ufalme wa Sicilia mwaka 1130. Wenyeji wa kisiwa, Wagiriki kwa Waarabu kwa wote, hao wageni wakawaita Lombardi.

Hapa yule mwenzako wa Milano angeshtuka. Savona leo iko Liguria na Monferrato iko Piemonte, yaani wengi wa hao Lombardi hata Lombardia ya leo hawakutoka! Ni kwamba zama zile ukisema Lombardia ulikuwa unataja karibu kaskazini yote. Yule mwanachuoni mkubwa wa dini Pietro Lombardo, aliyesomesha Paris akawa askofu wa huko mwaka 1159, alizaliwa upande wa Novara, na Novara leo ni Piemonte. Wafaransa hawakujali, kwao yule alikuwa Mlombardo basi. Si unakumbuka maduka ya Washihiri hapa mjini? Wengine ni watu wa Tarim, wengine wa Seiyun, miji ya Hadhramaut kule Yemen, lakini kwetu wote ni Mshihiri, kwa ile bandari ya Shihr, na mwenyewe akaitika. Na kama vile kwetu Mshihiri ilivyokuwa karibu sawa na kusema mwenye duka, Ulaya nayo neno lombardo likawa ni mfanyabiashara na mtu wa kukopesha kwa rehani, ndo maana London kuna barabara ya mabenki inaitwa Lombard Street, na Warusi mpaka leo pahali pa kuweka rehani wanapaita lombardi. Kwa hivo wapo akina Lombardo ambao babu yao alipewa jina kwa kazi yake zaidi ya kwao.

Kuna jambo la uchungu pia na sitaki kukuficha. Mwaka 1161, wakati wa uasi dhidi ya mfalme Guglielmo wa Kwanza, Walombardi wa Piazza na Butera waliwashambulia Waislamu wa vijiji jirani wakawaua na kuwafukuza, watu waliokuwa wakilima pale vizazi na vizazi. Mfalme akaja akaubomoa mji wa Piazza, ukaja kujengwa upya baadaye. Utaenda siku moja Piazza Armerina kutazama yale mashindano yao ya Agosti, Palio dei Normanni, wanapoigiza Ruggero akiingia mjini na bendera, ni sherehe nzuri na nenda ukaione, ila ujue na hiyo sehemu nyingine. Na hawakukoma kuja, manake mwaka 1237 mfalme Federico wa Pili aliwapa Walombardi wengine mji wa Corleone wakakae.

Lakini kinachonishangaza zaidi mimi ni lugha. Watu wa San Fratello, Nicosia, Piazza, Aidone, mpaka leo, miaka 900 na zaidi, wana lahaja yao ambayo Wasicilia wenzao wa jirani hawaielewi, wataalamu wanaiita galloitaliko, na ukiiskiza inakata vokali za mwisho kama wafanyavyo watu wa kaskazini. Wamezungukwa na Kisicilia pande zote na bado wanaongea hivo nyumbani kwao! Mimi nilipolisoma hilo nilimkumbuka nyanyako na dada zake, wamekaa Malindi maisha yao yote lakini wakijifungia jikoni ni Chimwini, Kiswahili cha Barawa, mwanzo mwisho, watoto tunaambulia nusu. Nilijikuta naweka kitabu chini.

Sasa ukivuka bahari kidogo kwenda bara kuna akina Lombardi wa i mwishoni, na hao usiwachanganye kwa haraka na hawa wa Sicilia. Walongobardi wenyewe, lile kabila la Kijerumani, waliingia Italia mwaka 568 na mfalme wao Alboino, wakaweka makao Pavia, wakatawala mpaka Carlo Magno, mfalme wa Wafaranki, alipowavunja 774. Kaskazini wakaacha jina tu, Lombardia. Lakini kusini watawala wao wa Benevento waliendelea karne tatu nyingine mpaka 1077, na mkoa wa Avellino bado kuna miji inaitwa Sant'Angelo dei Lombardi, Guardia Lombardi, Torella dei Lombardi. Kwa hivo Lombardi wa Campania ama Puglia huenda jina lake linatokana na watu wa utawala ule, na huenda linatokana na mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Genova karne za baadaye, huwezi kujua kwa kutazama jina tu, lazima ufuate karatasi za ukoo mmoja mmoja. Na hiyo o na i, Sicilia wameacha jina kama lilivyoitwa mtu mmoja, Lombardo, Romano, Greco, Catalano, bara sehemu nyingi wakachukua umbo la wingi, ukoo mzima. Jina Messina nalo utalikuta Palermo na Catania kwa sababu ile ile ya Bi Mbarawa.

Majina haya yalikuwa yanabadilika badilika mpaka kanisa lilipokaza. Mkutano wa Trento mwaka 1563 uliagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo na ndoa, na jina likishaandikwa kitabuni ndo limeshikwa hivo, mtoto wa Lombardo ni Lombardo hata kama hajawahi kuona theluji.

Kutoka Sicilia na Napoli jina likapanda meli. Kati ya 1876 na 1915 Wataliano karibu milioni 14 waliondoka nchini kwao, na wa kusini walienda kwa wingi New York, New Orleans, Buenos Aires. Yule mwanamuziki Guy Lombardo, ambaye bendi yake Wamarekani walikuwa wakiingojea kila usiku wa mwaka mpya, alizaliwa Kanada 1902 na wazazi wake walitoka Lipari, visiwa vidogo hapo juu ya Sicilia. Vince Lombardi, kocha wa futiboli ya Kimarekani ambaye kombe la Super Bowl lina jina lake, ni wa Brooklyn, na watu wake walitoka kusini mwa Italia. Angalia safari hiyo, mtu anatoka Monferrato kwenda Sicilia anaitwa Mlombardo, karne nane baadaye kitukuu chake anatoka Sicilia kwenda Marekani na kule hakuna anayemwita Mlombardo tena, wanamwita Mtaliano.

Na wengine walirudi kaskazini kabisa. Baada ya vita ya pili ya dunia viwanda vya Milano na Torino vilihitaji watu, miaka ya 50 na 60 treni zikawa zinapanda kutoka kusini usiku kucha zimejaa vijana na masanduku ya kadibodi. Lombardo anashuka stesheni ya Milano, mji mkuu wa Lombardia, na wenyeji wanamwita terrone, tusi la mtu wa kusini, na wengine walikuta matangazo ya nyumba za kupanga yameandikwa wazi kwamba wa kusini hawatakiwi. Kwa hivo mwanangu, aliyofanya mwenzako kazini yana historia, si utani mdogo. Jina lake hukunitajia, lakini kama ni Brambilla, maana Milano akina Brambilla hawahesabiki, mwambie pole pole kwamba jina hilo ni la kijiji cha Brembilla kule juu ya Bergamo, Venezia walikibomoa mwaka 1443 wakawafukuza watu wake, wakakimbilia upande wa Milano, na Wamilano wakawaita kwa kijiji chao. Naye ni mjukuu wa mgeni aliyepewa jina mlangoni.

Kuhusu watoto, wala usiwe na hofu ya kuwapa jina la mahali wasipotoka. Miaka 900 ni kutoka tosha. Na ujue pia Italia mke kwenye vitambulisho hubaki na jina la kwao, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2022 mtoto anapewa majina ya wazazi wote wawili kwa mpangilio mtakaokubaliana, ama moja mkikubaliana iwe moja. Kwa hivo mjukuu wangu anaweza kubeba Lombardo na jina letu pamoja. Mimi ningependa hivo, nasema wazi, lakini ni nyumba yenu nyinyi wawili na mamako amenikataza kusema zaidi ya hapo.

Kama mchumba wako anataka kujua ukoo wao hasa, Sicilia vitabu vya serikali vya vizazi na ndoa vinaanza 1820, na vingi vimewekwa kwenye mtandao wa hifadhi za nyaraka za serikali unaitwa Antenati, bure kabisa, mnatafuta mkoa, mji, mwaka, mnafungua kurasa moja moja kama nilivyokuwa nafungua rejista yangu. Kabla ya hapo ni kwenda kwa padri wa parokia kumwomba kwa adabu.

Lakini kabla ya karatasi, yuko nyanyake. Uliniambia watu wa babake ni wa ndani huko mkoa wa Enna na bibi bado yuko hai, anaskia vizuri. Nenda ukae naye, umuulize mji wa Piazza wao nyumbani walikuwa wakiuitaje. Akisema Chiazza, hicho ni Kisicilia cha kawaida. Akisema Ciazza, hiyo ndo lahaja ya wale waliofuata harusi ya Adelasia. Mrekodi kwa vois unitumie, nataka kumskia kwa sauti yake mwenyewe.

Babako